Salamu Tano na Sura ya Nane

Mimi ndiye ninayewaandikia Waswahili wa Stockholm habari za vitabu. Hakuna aliyenichagua. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nakaa jikoni kwangu, natafuta nani anasoma wapi, nani anazindua nini, maktaba gani ina saa ya hadithi kwa watoto, halafu naituma orodha kwenye kundi letu la simu. Humo tumo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania, tukigombana kuhusu kila kitu isipokuwa vitabu. Orodha inapokewa na watu wengi sana. Wanaoisoma nawajua kwa sura, mmoja mmoja.

Usije ukadhani nina chuki na vitabu. Nina chuki na shughuli za vitabu.

Chukua hizi za Waswidi, za mjini kati. Majuzi nilikwenda kumsikiliza mwandishi aliyekaa Nairobi wiki tatu na kurudi na kurasa mia nne. Watu wamekaa, glasi mkononi, wanatikisa vichwa taratibu. Anayemhoji anauliza swali refu kuliko jibu. Ukafika wakati wa maswali ya wasikilizaji, mama mmoja mwenye skafu nzito akasimama kutueleza kwamba ujanani alichimba visima Moshi, na watu wa kule walikuwa wakarimu ajabu, na machweo yalikuwa hivi na vile. Nilimsubiri afike kwenye swali. Hakufika. Kwenye kahawa akanijia mimi, mweusi pekee mle ndani, akaniuliza kwa upole kama na mimi naandika kuhusu maumivu. Nikamwambia naandika kuhusu vitumbua. Akasema, oh, inavutia sana. Nikanywa kahawa yangu nikaondoka.

Lakini tuseme kweli, hao angalau wanasoma. Mtu anapanda treni Upplands Väsby na kitabu chake, mpaka mjini hajanyanyua uso. Sisi je? Sisi kitabu hatukisomi, tunakifanyia arusi. Meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa kwa waheshimiwa. Mgeni rasmi anakata utepe uliofungwa kwenye kitabu kama anafungua daraja. Kuna keki yenye umbo la kitabu, na niape, nimeona keki ikifunguliwa na watu wengi kuliko kitabu chenyewe. Kisha picha. Picha na mwandishi, picha na mgeni rasmi, picha ya kitabu kimeinuliwa juu na mtu ambaye hatakishika tena maisha yake yote.

Na zile salamu! Huo ndio ugonjwa wetu mkubwa. Hatuwezi kukutana watu ishirini bila kila mwenye cheo kuitwa mbele atoe salamu. Ukimwita mwenyekiti wa jumuiya ya Wakongo, lazima umwite na wa Warundi, la sivyo ni ugomvi wa mwaka mzima. Ukimwita wa Warundi, wa Wanyarwanda yupo nyuma anakohoa. Na hakuna salamu fupi. Mtu anaanza na "sitaki kuwachosha", na hapo ndipo unajua umekwisha.

Haya yote niliyasema waziwazi, mdomoni na kwenye orodha yangu. Watu walicheka, wakaniita mkali. Nilifurahi kuitwa mkali. Ndiyo maana Mwalimu akanitafuta.

Mwalimu ni Mkongo wa Uvira, mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mpole, na mwenye kofia ya sufu hata kukiwa na joto. Kule kwao alifundisha shule ya msingi. Hapa anafanya usafi kwenye shule, na watoto wa Tensta, mtaa anaokaa, wanamwita Mwalimu bila kujua kwamba ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa dukani nachagua ndizi aliponijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kitabu. Chake mwenyewe, kwa Kiswahili, kimechapwa vizuri, jalada la bluu bila picha. Alikiandika kwa mkono kwenye madaftari, kwa miaka, wakati wa mapumziko.

"Mama," akasema, "naomba uniweke kwenye orodha yako. Na naomba utengeneze programu ya ile siku ya kukizindua. Wewe unaweza kunyamazisha watu."

Nilivimba kichwa pale pale kati ya ndizi na mihogo. "Mwalimu, hongera sana. Niachie mimi."

"Niko naomba kitu kimoja tu. Nataka kusoma sura moja, kwa sauti. Sura ya nane."

"Utasoma hata tatu."

"Hapana, ile moja." Akatazama pembeni kwanza. "Mutoto yangu wa kike, unamujua. Kiswahili anasikia chote. Kusoma, hapana, shule yake yote ni Kiswidi. Nikimupa kitabu, nimemupa karatasi tu. Na sura ya nane ni ya mama yake. Namna alikufa, kule kambini. Mutoto alikuwa na miaka mitatu. Sijamwambia hata siku moja. Akiuliza nasema, aliugua. Nikianza kusema ingine, naamuka, natoka inje. Lakini nikiwa na karatasi mukononi, na watu wananiangalia, sitaweza kukimbia. Nitasoma mupaka mwisho."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema dakika kumi na mbili, ameipima kwa saa ya jikoni, mlango umefungwa, mara nyingi. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Mwalimu, sura ya nane itasomwa." Kilichomo kwenye hiyo sura sitakieleza hapa. Si changu kukieleza.

Programu nikaitengeneza kwa kiburi chote. Lokali, yaani ukumbi, ilikuwa chumba cha mikutano mtaani kwake, tumekodi saa saba mchana hadi saa kumi, na saa kumi ni saa kumi, maana nyuma yetu kulikuwa na wazee wa Kiswidi wa kikundi cha gitaa. Nikaandika kwenye orodha kwamba tunaanza saa saba kamili, nikijua fika kwamba watu wetu watakuja saa nane. Ndivyo tunavyofanya sote. Unatangaza saa ya uongo ili upate saa ya kweli.

Mwalimu aliomba asome mwanzoni kabisa. "Nitangulie mimi, halafu watu waseme vile wanapenda," akasema. Nilimcheka kidogo. Nikamweleza kwamba mwenye shughuli hatangulii, yeye ndiye kilele, ataitwa mwisho watu wakiwa wametulia. Tena mbele yake nitaweka uchambuzi mfupi wa kitabu, ili watu wajue wanasikiliza nini. Mchambuzi nani? Mimi. Dakika kumi. Akakubali. Ni mtu wa heshima, ukimwambia jambo kwa sauti ya uhakika anakubali.

Siku ilipofika, saa saba kamili aliyekuwepo ukumbini ni mtu mmoja, binti yake. Amelelewa hapa, akiambiwa saa saba anakuja saa saba. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Farsta, na siku ile alikuwa na zamu ya jioni. Akakaa mstari wa mbele na koti lake mwilini, mkoba mapajani. Alikaa hivyo saa nzima na nusu. Mimi nilikuwa nahangaika na kitambaa cha meza kuu. Ndiyo, niliweka meza kuu. Mgeni rasmi ungemkalisha wapi?

Tulianza saa nane na nusu. Mchungaji akafungua kwa sala, akaombea kitabu, mwandishi, serikali ya Sweden, amani mashariki ya Kongo, wagonjwa, wasafiri, na vijana wasipotee. Vijana wenyewe walikuwa wawili na mmoja alikuwa amelala. Ukafuata utambulisho, kila meza isimame tuione. Kisha kwaya, nyimbo tatu, na ya tatu ina beti ambazo haziishi. Halafu salamu. Nilikuwa nimekubali salamu tatu tu, dakika mbili mbili, nikaandika kwa wino mwekundu. Zikawa tano. Mwenyekiti wa kwanza alisema hataki kutuchosha. Wa pili alimjibu wa kwanza. Wa tatu alieleza historia ya jumuiya yake tangu enzi za viatu vya kuazima. Mwakilishi wa Wakenya alizungumza Kiingereza nusu, na mama wa Kirundi aliyefuata akasema hajaelewa, arudie. Akarudia!

Mimi pembeni nimeshika kipaza sauti cha akiba, damu inanichemka. Nikamnong'oneza binti wa Mwalimu, "Unaona watu hawa? Hakuna hata mmoja aliyekisoma." Akatabasamu kwa adabu. Akatazama saa ya ukutani.

Mgeni rasmi akakata utepe. Keki ikakatwa, maana watoto walishaanza kuitoboa kwa vidole. Picha zikapigwa. Na saa tisa na dakika ishirini ikafika zamu yangu.

Sijui nianzeje kueleza hapa, maana nikikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Nilisimama nikiwa na hasira, na hasira ile niliiona ni haki. Nilikusudia dakika kumi. Nikaanza kwa kuuliza ukumbi mzima, "Nani amekisoma kitabu hiki? Anyanyue mkono." Hakuna mkono. Nikacheka. Nikasema, jamani, mmekuja kuzindua kitu msichokijua, mmekuja kwa pilau. Wakacheka na wao, wakapiga makofi. Wee, makofi yale! Nikayaitikia. Nikawapa mfano wa keki. Nikaigiza salamu, sauti ya mwenyekiti mmoja mmoja, na wenyewe wakaangua kicheko kuliko wote. Nikahamia kwa Waswidi, nikamleta yule mama wa visima vya Moshi na skafu yake. Nikasoma aya kutoka kwenye utangulizi, nikaichambua. Nikasoma nyingine ya sura ya kwanza, ile ya ubao mweusi wa shule uliopakwa mkaa wa betri, nikasema huyu ndiye mwandishi, huyu haandiki maumivu ya kuuziwa wazungu. Nilisema maneno mazuri. Hilo siwezi kulikana, nilikuwa nimepamba moto.

Mwalimu alikuwa amekaa mwisho wa meza kuu. Alikuwa ameshafungua kitabu, amekilaza mbele yake, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Miwani ameshavaa. Nilimwona. Nilimwona kabisa, nikamwelekezea mkono, nikasema, "Na sasa mnyamaze, mumsikilize mtu aliyefanya kazi," watu wakapiga makofi tena, na makofi hayo yakanikumbusha jambo moja zaidi, nikalisema. Na baada ya hilo, jingine.

Mlango ulifunguliwa. Wazee wa gitaa walikuwa wamesimama pale na mikoba yao mirefu mgongoni, wana tabasamu la kuomba radhi kwa kitu ambacho si kosa lao. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika tano. Na ndani ya dakika tano zile tulitakiwa tuwe tumefunga viti na kufuta meza.

"Tuwaombe dakika kumi na mbili," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Watu walishasimama, viti vinalia, sufuria zinafunikwa, mchungaji anatafuta mtu wa kumpa lifti. Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa anakiangalia kitabu. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akafunga kitabu taratibu, na uso wake, Mungu anisamehe, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa ameogopa siku nzima. Nilikuwa nimempa njia ya kukimbia.

Binti yake akamfuata. "Papa, hukusoma," akamwambia kwa Kiswahili, mbele yangu.

"Siku ingine, mama. Siku ingine." Akambusu kichwani, akaenda kukunja viti. Alikunja viti vingi sana, peke yake, kwa haraka, na hakugeuka.

Binti alikuwa na zamu yake Farsta, na mimi nilikuwa naelekea mjini, kwa hiyo tukatembea pamoja hadi stesheni. Nilikuwa nimefadhaika, na nikifadhaika mimi huongea. Niliwalaumu wote. Mchungaji, wenyeviti, kwaya, yule wa Kiingereza nusu. Nilisema sisi watu hatuna adabu ya muda, sisi hatutaendelea. Alinisikiliza njia nzima mpaka chini kwenye jukwaa. Treni ikaja, tukakaa tukitazamana. Akatoa kitabu kwenye mkoba. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, polepole, midomo inasogea kidogo. Kisha akaacha.

"Anti," akasema, "sura ya nane ni ya mama, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Papa aliniambia nije nisikie hiyo. Alinipigia mara tatu wiki hii, na yeye hapigagi simu." Akahamia kwenye Kiswidi, kama wanavyofanya watoto wetu wote jambo likiwa zito. Alisema baba yake hatasoma tena, anamjua, leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Akaniangalia usoni. "Lakini wewe umekisoma. Niambie wewe. Mama alikufaje?"

Nilifungua mdomo, na mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukatoa maneno. "Ni sura nzito," nikasema. "Nzito sana, na imeandikwa kwa..."

"Nzito kwa nini? Nini kilitokea?"

Treni ilikuwa imeshaondoka. Ningeweza kumdanganya. Ningesema aliugua, na nisingekuwa mbali na alichoambiwa maisha yake yote. Nilimtazama yule binti na koti lake alilokaa nalo saa tatu, na uongo ukanikwama.

"Sijaisoma," nikasema.

"Hiyo sura?"

"Sijafika huko."

"Umefika wapi?"

"Sura ya pili. Katikati."

Na huo ndio ukweli wangu, nauandika mwenyewe bila kulazimishwa. Nilisoma utangulizi, sura ya kwanza, na kipande cha ya pili. Nilikuwa na shughuli nyingi. Nilikuwa natengeneza programu, natunga vichekesho vya uchambuzi, nachagua kitambaa cha meza kuu. Niliuliza ukumbi mzima nani amekisoma, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeshika kipaza sauti, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba haukunyanyuka.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikunja uso tu kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu iliyomshinda, akasema kwa Kiswidi, "Lakini umeongea dakika thelathini na tano." Alikuwa amezihesabu. Alikuwa anatazama saa kwa sababu ya zamu yake, na kwa sababu alikuwa anamsubiri baba yake.

"Lete kitabu," nikamwambia. "Lete nikusomee sasa hivi, humu humu. Mpaka ufike Farsta tutakuwa tumemaliza."

Nilinyoosha mkono. Akakivuta kitabu kifuani kwake, si kwa ukali, alikivuta tu.

"Hapana, Anti," akasema, sasa kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa. "Sauti yako nimeisikia leo."

Treni ikaingia kituo kilichofuata. Akasimama, akaweka simu sikioni, nikamsikia akimwambia mtu wa kazini kwamba leo hatakuja, ana jambo na baba yake. Akashuka. Alivuka jukwaa hadi upande wa treni zinazorudi Tensta, akasimama pale, kitabu kimeshikwa kwa mikono miwili, anatazama handaki ambako treni yake ingetokea. Milango ya treni yetu ilikuwa bado wazi. Nilitaka kumwita nimwambie pole, nimweleze kwamba nilikuwa na nia njema, nikaona nitakuwa nimeanza tena. Nikanyamaza.